Cherehani ya Zamu

Mpaka leo naisikia nikiwa usingizini. Haiji na picha, inakuja na sauti: tiki-tiki-tiki kutoka nyumba ya ng'ambo, inapanda ndani ya ukungu, inakatika, inaanza tena. Kwetu, juu ya Suji, ukungu ukishuka asubuhi huoni hata mgomba ulio mbele ya mlango wako, kwa hiyo mambo ya majirani tuliyajua kwa masikio. Shoka la huyu, kikohozi cha yule. Na cherehani, ambayo wiki hii ilisikika upande wa juu, wiki nyingine upande wa bondeni, na hatimaye, siku za neema, chumbani mwetu, karibu kabisa na kitanda changu. Nililala nikiisikia mpaka ikaingia ndotoni na kuendelea kushona huko. Nimeshalalia magodoro ya kila aina tangu wakati huo, na usingizi kama ule sijaupata tena ila mara moja tu.

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia shingoni. Ilikaa juu ya kibao, na ubavuni mwa kibao kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuwekea bobini na sindano, kifuniko chake unakisukuma kando. Haikuwa ya mtu. Mwenye duka mmoja wa Same alipofunga virago kurudi kwao, akina mama wa kitongoji chetu walichanga maharage, wakayateremsha vichwani mpaka mjini, wakarudi na cherehani. Nani alitoa maharage mengi na nani machache, walikubaliana wasahau, na kwa kweli walisahau. Likabaki swali la nani akae nayo.

Jibu walilitoa kwenye maji. Sisi Wapare maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe lililo juu ya mashamba. Usiku linajaa kutoka mferejini, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Cherehani nayo ikapangiwa zamu kwa mtindo huo, ila ilifuata nyuma ya maji. Mwenye maji yuko shambani na jembe, atashona saa ngapi? Basi cherehani ilikwenda kwa yule aliyekwisha kumwagilia, na yeye akimaliza anampa mwenzake anayefuata. Ilizunguka hivyo kitongoji kizima, kutoka kichwa hadi kichwa, imefunikwa khanga utadhani bibi harusi.

Kulikuwa na adabu moja katika kuipokezana. Kwetu ukiazima bakuli kwa jirani hulirudishi tupu, unatia humo hata kiazi. Cherehani haikuwa na pa kutia kiazi, kwa hiyo iliondoka nyumbani kwa mtu ikiwa imetiwa mafuta. Mwenzako anakuja kuichukua, anakaa kwenye kigoda, na wewe mbele ya macho yake unaidondoshea mafuta kwenye matundu yake, moja baada ya jingine, taratibu, bila haraka. Hapo ndipo inafunikwa khanga. Mwanzoni yalikuwa mafuta halisi ya mashine, kopo dogo lililotoka dukani pamoja nayo. Kopo likaisha.

Likaisha miaka ile baada ya vita vya Kagera, ambayo kila kitu kiliisha. Sabuni iliisha, viberiti viliisha, kitambaa kiliisha, mafuta ya taa tulipimiwa kwa kizibo, na duka la ushirika lilibaki na rafu safi na muuzaji mpole sana. Adabu haikuisha. Kila nyumba ikatia ilichonacho. Waliokuwa na ng'ombe walitia samli. Waliokuwa na mibono kando ya shamba walikamua mafuta ya nyonyo. Mmoja ambaye mume wake alikuwa Tanga alitia mafuta ya nywele yenye manukato ya waridi, na wiki ile nguo zetu zote zilinukia kama harusi ya pwani.

Mama yangu alitia samli, mpaka tulipomuuza ng'ombe. Baba alikuwa kibarua wa mkonge huko tambarare. Alirudi kifua kimembana, na ng'ombe akaondoka kwa ajili ya kifua hicho. Baada ya hapo mafuta nyumbani kwetu lilikuwa neno tu. Tulikula makande makavu na chumvi, na chumvi yenyewe kwa kuhesabiana.

Zamu yetu ikaja. Mama akashona wiki nzima, na siku ya kuikabidhi mwenzake akaja, akakaa kwenye kigoda. Mama akachukua kichupa chake cha mafuta kutoka juu ya rafu. Kilikuwa kile kichupa kidogo cha dawa ya sindano, chenye kizibo cha mpira, alichopewa na mganga wa zahanati. Mimi nilikuwa nimekaa chini, usawa wa meza, na kwa hiyo nikaona asichokiona mgeni. Kichupa kilikuwa kikavu. Mama akakiinamisha juu ya tundu la kwanza, akasubiri kidogo kama mtu anayesubiri tone, akahamia la pili, akasubiri, akahamia la tatu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye kanisani. Alipomaliza akaifuta midomo ya matundu kwa pindo la khanga, akaifunika. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilimpenda mno saa ile, na nilimwogopea, ingawa sikujua namwogopea nini.

Alifanya hivyo zamu baada ya zamu.

Cherehani ilikuwa inazidi kuwa nzito. Kila mtu alisema ni baridi. Mkono wake, ambao zamani mtoto aliuzungusha kwa kidole, sasa ulitaka bega. Halafu, katika zamu yetu moja, mama alikuwa ananishonea blauzi ya shule, ameikata kutoka mfuko wa unga wa msaada, herufi za bluu za kizungu bado zinaonekana kwa mbali hata baada ya kuchemshwa na majivu. Alikuwa kwenye mkono wa blauzi. Cherehani ikashusha sindano, ikauma kitambaa, ikasimama. Mama akasukuma mbele, akavuta nyuma, akaibembeleza, akaiombea. Haikutikisika. Mwishowe akachukua wembe akakikata kitambaa kuizunguka sindano, na kipande cha blauzi yangu kikabaki mdomoni mwa mashine. Nilikwenda shule na kiraka kwenye mkono kilichoshonwa kwa vidole.

Aliyekuja kuichukua, kama kila zamu, alikuwa mke wa kaka yake baba, ambaye mimi humwita mama mkubwa na ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa akina mama wale. Akaujaribu mkono wa cherehani, akaujaribu tena, akaacha.

"Imefia kwako, mwenzangu," akasema.

Ninavyomfahamu mama mkubwa, hakusema kwa ubaya. Alisema jinsi mtu anavyosema kwamba mvua imeanza. Lakini mama aliyapokea maneno yale kama hukumu, kwa sababu alikuwa anajua analolijua. Aliamini ameiua kwa njaa. Wenzake wote waliilisha, yeye peke yake akainyima na kuwadanganya machoni, na mashine ikafia mikononi mwa mwongo. Hayo aliniambia mimi baadaye sana, mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage, na hakutaka jibu.

Tangu siku ile alijitenga. Hakuna aliyemfukuza. Kwenye maji alikwenda, maana maji hayasusiwi, lakini akimaliza zamu yake anaondoka. Akina mama walipokutana kwa mama mkubwa kusuka vikapu na kucheka, yeye alikuwa na kazi, siku zote alikuwa na kazi. Nimekua nikimwona mama yangu akipita nje ya vicheko vya wenzake na kuni kichwani, akitazama mbele. Kama kuna kitu nilikitaka duniani, hata kabla sijajua kukitaka, kilikuwa kumwona ameketi ndani.

Nilipokuwa mkubwa nilishuka Same kutafuta riziki. Ilikuwa ndiyo kwanza mambo yamefunguliwa, ruksa ya biashara imetangazwa, na mji ule wa vumbi na upepo ambao zamani ulisinzia kutoka basi hadi basi ukaamka umejaa vitu. Sabuni za rangi zote. Betri, kandambili, redio. Na marobota ya mitumba, yakikatwa kamba asubuhi sokoni na watu wakiyarukia. Makoti ya watu wa nchi za baridi, suruali za majitu. Mafundi cherehani wa mji walisimama vibarazani mwao mita shingoni, wakitazama wateja wao wanavyojivika nguo zilizokwisha kushonwa. Wengi walifunika mashine zao. Wengine waliziuza kwa bei ya kutupa.

Nilipata kazi ya kushona vifungo kwenye kibanda cha fundi mmoja karibu na stendi. Mzee huyu alitoka Kigoma ujana wake kuja kukata mkonge, mkonge ukamchosha, au yeye akauchosha, akaishia kutengeneza cherehani. Mafundi wenzake walipokuwa wanauza, yeye alikuwa ananunua. Walimcheka. Nami nilimcheka, kimoyomoyo, kwa kuwa alinilipa. Lakini alikuwa ameona jambo: mitumba haikutoshi. Koti la jitu lazima lipunguzwe, suruali lazima ikatwe, na hilo linataka cherehani. Alizinunua zimekufa, akazifufua, akaziuza kwa wake za vibarua kule kwenye mashamba na kwa mabinti wanaoolewa.

Mashine ya kwanza aliyonipa nifungue ilikuwa imetoka Makanya, imejaa vumbi jeupe la jasi hadi tumboni. Niliisafisha nikaona nimeiva. Ya pili ilikuwa imeganda kabisa, haizunguki, na nje haikuwa na kutu hata chembe. Nilimwambia hii imekufa.

Akaifungua kifuniko cha uso, akakwangua kwa ukucha. Ukucha ukatoka na kitu cha rangi ya asali, kigumu kama utomvu uliokauka.

"Haijafa, binti," akasema. "Imelishwa. Haya ni mafuta ya kula. Mashine haina tumbo. Ukiitia samli, leo inateleza, kesho inanata, keshokutwa inakuwa gundi."

"Na isipotiwa kitu?"

"Ingelia tu kwa ukavu. Ingesagika taratibu, miaka na miaka. Lakini isingeganda."

Niliweka bisibisi chini. Nakumbuka upepo wa Same ulikuwa unapiga bati la kibanda, na muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake, na mimi nimekaa pale namwona mama yangu akiinamisha kichupa kikavu juu ya tundu la kwanza, akisubiri. Nilitaka kuondoka saa ile ile nipande mlima. Lakini ningekwenda kusema nini? Kwamba mzee mmoja wa mjini kasema? Mama asingeliamini, angedhani namliwaza. Nilihitaji cherehani yenyewe.

Kabla sijaipata nilizipata nyingine. Nilijifunza kazi, na mzee akanipa mtaji mdogo, nikawa ndiye mnunuzi wake wa milimani. Nilipanda hadi Chome, njia ya mawe na matope, ukungu wa mlima Shengena ukiniloanisha kope. Naziona bado zile nyumba. Nakaribishwa, napewa uji, na cherehani iko kona ya chumba, juu yake kuna debe la maharage, au kuku anaatamia. Nazungusha mkono kabla sijaongea bei. Nanusa. Wenyeji walinishangaa, mwanamke mzima anainama kunusa cherehani kama anachagua samaki. Nikirudi kwa miguu na kichwa cha mashine mgongoni nimekifunga kama mtoto, nilihisi kinapumua, na wakati mwingine, mteremko ukiwa mrefu na njaa imenizidi, niliongea nacho. Ndiyo maisha niliyoyapenda kuliko yote.

Ndipo nikaenda kwa mama mkubwa. Cherehani ilikuwa kwake, chini ya khanga ile ile iliyogeuka rangi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kamba za kubebea, nimeziona tangu kule chini. Hii haiuzwi."

"Si imekufa?"

"Imekufa, ndiyo. Lakini ya nani, mpaka mtu aiuze? Wakae wote waliotoa maharage wakubali. Na mama yako ni mmoja wao, na mama yako haji."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anapalilia tangawizi. Hakuinua kichwa.

"Mimi kauli yangu ni ya nini kwenye kitu nilichokiua?" akasema. "Waambie wanavyotaka wao na iwe."

Nilirudi kwa mama mkubwa na jibu hilo. Alichambua kitu kisichokuwepo kwenye khanga yake. Kisha akasema kuuza hawezi, lakini mgonjwa hupelekwa hospitali bila kuuzwa. Akanitwika yeye mwenyewe. Alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho, na ukungu ukamchukua.

Mafuta ya taa sasa yalikuwa ya kumwaga. Nilijaza beseni, nikafungua mashine skrubu kwa skrubu, nikaweka viungo vyake humo, na vile visivyotoka nikavilowesha kwa unyoya wa kuku na kuvipasha moto kwa makaa kwenye kikaango kibovu. Ilikuwa mchana wa joto, fundi amelala kwenye mkeka nyuma. Na ile gundi ilipoanza kulegea, ikaanza kunukia.

Sijui niseme vipi nieleweke. Kwanza ilikuja samli, ile samli ya milimani yenye moshi ndani yake, na nikaona jiko la mama mkubwa, masizi yananing'inia darini. Nikakwangua zaidi, ikaja nyonyo, nzito, inayokwaruza koo, na nikaona ua wa mibono wa yule jirani wa bondeni na mikono yake mipana. Chini ya hiyo ikaja waridi. Waridi, baada ya miaka yote ile. Nilicheka peke yangu. Walipita mmoja mmoja ndani ya ule mvuke, akina mama wa utoto wangu, vijana tena, kila mmoja na kichupa chake, kila mmoja akiinama kwa adabu juu ya mashine na kuidondoshea kile alichowanyima watoto wake. Samli ya mama nayo ilikuwemo, sisemi haikuwemo, ile ya wakati wa ng'ombe. Ningeapa niliitambua. Mashine ile iliuawa kwa heshima, na waliimaliza wote kwa pamoja. Kama wote wangekuwa mafukara kama sisi mwaka ule, ingekuwa inashona mpaka leo.

Nilipoinua mguu wa mashine, kile kipande cha mfuko wa unga kilikuwa bado chini ya sindano, na nusu ya herufi ya bluu juu yake. Nikakitia mfukoni. Nikalia kidogo, kwa kuwa fundi alikuwa amelala na hapakuwa na wa kunibembeleza.

Nilipanda nayo siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe lilikuwa limepigwa tangu alfajiri, watu wote wako kwenye ndiva wanatoa tope, wanaume wanachimba, wanawake wanapokezana makarai. Nikapitia nyumbani kwanza. Mama alikuwa hajatoka bado. Niliiweka mezani, sikusema kitu, nikauzungusha mkono kwa kidole kimoja.

Alisimama mlangoni ameshika karai. Aliisikiliza kama mtu anayesikiliza jina lake linaitwa mbali.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, habari ya gundi, habari ya samli, nyonyo na waridi. Nikamwambia na habari ya kichupa, kwamba niliona. Nikamwambia, "Mama, wewe peke yako ndiye uliyeipumzisha."

Nilikuwa nimeiota saa hiyo mara nyingi. Katika ndoto zangu mama alicheka, au alilia, au alinikumbatia. Hakufanya hata moja. Alikasirika.

"Miaka yote hii," akasema. Akaliweka karai chini kwa kishindo. "Miaka yote hii nimepita nje ya nyumba za watu. Beba hiyo kitu. Twende ukawaambie, mbele yangu."

Kwa hiyo niliwaambia pale kwenye ndiva, tope likiwa magotini, cherehani juu ya jiwe. Nilisema kwa Kipare ili lisipotee neno. Nilipomaliza walikuwa wanatazama chini, maji yanachuruzika. Nikaogopa nimewavunjia heshima watu wazima. Halafu mama, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya watu, akaongea.

"Na mimi baada ya ng'ombe nilikuwa naikamulia chupa tupu. Niliwadanganya. Nilidhani ndiyo iliyoiua."

Kisha yule wa mafuta ya waridi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye mara moja hakuwa na kitu, akaitia mafuta ya taa aliyoyachota kwenye kibatari, na akaogopa kusema mpaka leo.

"Basi wewe ndiye uliyekuwa daktari wake," nikamwambia.

Mama mkubwa akaanza. Kicheko chake kilitoka mbali, kikapanda, kikawashika wengine, na wanaume upande wa pili wakaacha majembe kuuliza kuna nini. "Tumeishibisha ikavimbiwa," alikuwa anasema, akijifuta machozi kwa mkono wenye tope. "Jamani, tumeishibisha ikavimbiwa." Nilimtazama mama. Alikuwa anajizuia, mdomo umebana, halafu ukamshinda, akaketi palepale kwenye ukingo wa ndiva, katikati yao, akacheka mpaka akashika mbavu.

Walikubaliana zamu ianze pale ilipokatikia, kwa mama. Kabla sijashuka kufungua kibanda, mama akaniambia nikirudi nimletee samli kidogo kutoka kwa Wamasai wanaouza sokoni Same, lakini iwe nzuri. Nilijua ni ya makande. Niliileta, nikabaki kwake siku za mwisho za zamu yake. Ukungu ulishuka kama zamani. Nililala chumba kile kile, na sauti ikaanza karibu na kichwa changu, tiki-tiki-tiki, mama anapunguza koti la mtumba lililotoka kwa jitu fulani la mbali, na nikashuka usingizini taratibu na ile sauti ikishuka pamoja nami, na sikuota kitu chochote, maana kilikuwa kipo.

Asubuhi nilimpa kile kipande cha mfuko wa unga. Nilikuwa nimekitunza ili nimpe siku kama hiyo. Akakigeuza.

"Na hiki cha nini?" akauliza, akaifutia mashine.

Mama mkubwa akaja kuichukua, akakaa kwenye kigoda. Mama alitoa kopo la mafuta ya mashine nililomnunulia, akaidondoshea tundu la kwanza, la pili, la tatu, na yote tukayaona matone yakizama. Halafu akanyoosha mkono kwenye rafu akatwaa kichupa kile cha zahanati, kizibo cha mpira kimepasuka ukingoni. Kilikuwa kimejaa samli, ya manjano. Akasukuma kifuniko cha kisanduku cha ubavuni, akakilaza humo kati ya bobini.

"Hiyo ni ya zamu zile," akasema.

"Ya cherehani?" mama mkubwa akauliza.

"Yako wewe. Cherehani imeshakula."

Mama mkubwa akakitoa, akakifungua, akanusa. Akachovya ncha ya kidole, akalamba, akarudisha kizibo na kukilaza pale pale kilipokuwa. Kisha akasimama, akakunja kata yake ya khanga juu ya kichwa, akainama kidogo, na mama akamtwika.